Ubao Usiooshwa: Nywila Zetu na Kompyuta za Watu

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Maana yake haihitaji mkalimani. Kata ndiyo iingiayo mtungini kila siku ikafika hata chini, ikajua kama maji yamebaki au yamekwisha, kama ni safi au yana takataka. Msemo huu nimeutumia tangu ujanani, nikautia katika mashairi, nikawafunza nao wanangu. Walakini haikunipitia akilini hata siku moja kwamba nitakuja kuwa mtungi mimi mwenyewe, na kata yangu iwe ni kompyuta ya kukodi katika mji wa Migori.

Msomaji, kisa nitakachokusimulia hakinipi sifa. Ningeweza kukinyamazia, na wenzangu ofisini walinishauri hivyo. Lakini nimeona kwamba lililonipata mimi huwapata watu wengi kila siku bila ya wao kujua, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi nami nimeshtuka, na nataka nikushtue nawe kabla hujaumwa.

JIONI YA MIGORI

Ilikuwa Novemba ya mwaka 2024, msimu wa vuli. Nilikuwa nimetoka Homa Bay, ambako kwa siku nne nilikaa na akina mama wauzao samaki katika fuo za Ziwa Viktoria. Nilikwenda kuandika juu ya lile jambo ambalo huko huitwa jaboya: mwanamke anunuaye samaki kwa mvuvi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake kwanza, ndipo apate kuuziwa omena au mbuta wa kupeleka sokoni. Jambo hili si geni kwa wasomaji wa magazeti, limeandikwa mara nyingi. Nilichokuwa nacho mimi ni maelezo ya akina mama wawili walioniambia mambo kwa majina, wakataja nani alifanya nini na lini, kwa sharti moja tu: majina yao yasitoke, wala ya ufuo wao. Niliwaahidi. Nikayaandika maelezo yao na kuyaweka katika ghala la gazeti, yaani katika ile seva ambako kila mwandishi ana kabati lake.

Kutoka Homa Bay nikapanda matatu kwa njia ya Rongo na Awendo, miwa kulia na miwa kushoto, hata nikafika Migori. Nilitaka kuona wachimbaji wa dhahabu wa Nyatike, wale wachimbao kwa mikono na kuitenga dhahabu kwa zebaki. Nilipofika, chaja ya kompyuta yangu ilikuwa imeungua. Saa kumi na moja na nusu jioni mvua ikaanza kunyesha, na mhariri akapiga simu kuuliza makala iko wapi. Nikaingia saiba moja karibu na stendi.

Gazeti letu halimruhusu mwandishi kuingia ghalani kwa mlango wa barabarani. Ni lazima apite katika njia ile iitwayo VPN. Nilikuwa na karatasi yenye maelezo niliyopewa na fundi wa ofisi, na kijana wa saiba, mwenye adabu na mwepesi wa vidole, akanisaidia kuyaingiza katika mashine. Nikaandika jina langu, nikaandika nywila yangu. Chini yake kulikuwa na kisanduku kidogo chenye maneno ya kuuliza kama kompyuta ikumbuke.

"Mzee, niwekee vema hapa?" akauliza kijana. "Ikikatika hautaandika tena."

Mtandao ulikuwa umekatika mara mbili kwa mvua. Nikasema, "Weka, mwanangu." Akaweka alama ya vema. Nikatuma makala, nikalipa shilingi zangu, nikamshukuru, nikaenda zangu kula ugali na samaki. Nililala usingizi mwema.

MKATE WA WISHWA

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze hii VPN ni kitu gani, maana wako watumiao bila kujua na wako waiogopao bila kujua.

Sisi watu wa pwani tuna hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Ozi, ambaye Muhammad Kijumwa aliiweka katika utenzi mwaka 1913. Liyongo alipotiwa gerezani, alimtuma kijakazi Saada kwa mamake na maneno ya mafumbo, ambayo walinzi waliyasikia wasiyaelewe. Mama akaelewa. Akaoka mikate mizuri, akaoka na mkate mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa akafukia tupa. Walinzi wakala mizuri, wakamwachia mfungwa wa wishwa kwa dharau. Liyongo akakata minyororo.

VPN ni mkate wa wishwa. Ujumbe wako hufungwa ndani ya ujumbe mwingine, ukapita mbele ya walinzi wote wa njiani. Mwenye saiba, kampuni ya simu, hata serikali, huona kwamba kuna mkate umepita kutoka hapa kwenda kule. Kilichomo ndani hawakioni, kwa kuwa kimegeuzwa kwa hesabu ngumu, mfano wa watoto wa kwetu wasemapo kinyume mbele ya wakubwa. Hufunguliwa upande wa pili tu, kwa mwenye ufunguo. Mabenki, mahospitali, serikali za kaunti na magazeti huitumia ili mfanyakazi aliye mbali aingie ofisini kama kwamba yuko mezani pake. Moja ya njia za mwanzo za namna hii ilitengenezwa katika kampuni ya Microsoft mwaka 1996.

Raia wa kawaida naye ameijua, lakini kwa sababu nyingine. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, wakati wa mitihani ya KCSE, mtandao wa Telegram ulifungwa nchini Kenya ili kuzuia wizi wa mitihani. Walioutumia kwa biashara, kwa sinema na kwa soga wakakuta mlango umetiwa komeo, wakaitafuta VPN ili watokee nchi nyingine. Ng'ambo ya pili ya mpaka wa Isebania, ambao kutoka Migori si safari ndefu, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilitangaza Oktoba 2023 kwamba kila atumiaye VPN aitolee taarifa kabla ya mwisho wa mwezi ule. Basi katika miji ya mpakani neno VPN si la wataalamu tena. Hata mchuuzi wa matunda atakuambia habari zake.

Shika jambo hili, msomaji: mimi niliingia saiba ile katika mwezi ambao Telegram imefungwa. Na njia ya gazeti letu, kwa kuwa seva imekodiwa Ulaya, hutokea Ulaya. Niliweka mkate wa wishwa mezani pa watu wenye njaa, na nikauacha hapo.

DAFTARI LA HOMA BAY

Siku mbili baadaye nilirudi Homa Bay, niko njiani kuelekea Kisumu. Nikaingia saiba ya mama mmoja wa makamo, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, kutoa nakala za vitambulisho vyangu. Nilipokuwa nikingoja, akaja mzee mmoja, fimbo mkononi, kofia kichwani.

"Mwalimu," mzee akasema, "nitolee ile karatasi yangu ya kodi."

"Jaduong', karibu ukae," akajibu. Akafungua mtoto wa meza akatoa daftari kubwa la kurasa nyingi, lenye jalada gumu. Akapitisha kidole: majina, nambari za vitambulisho, nambari za KRA, na mbele ya kila jina, nywila. Akaandika ya mzee katika mashine, karatasi ikatoka, mzee akalipa, akaenda zake akiomba Mungu ambariki mwalimu.

Nikamwuliza ana majina mangapi katika daftari lile. Akacheka. Akasema hajapata kuyahesabu, lakini hilo ni la tatu. Tangu iTax ilipokuja, na eCitizen baada yake, na mikopo ya HELB, na karatasi za walimu, kila mtu huja kufunguliwa mlango, na kila mmoja husahau nywila yake kabla hajafika nyumbani. Mwezi wa Juni, watu wanapokimbilia kutoa taarifa za kodi kabla ya tarehe 30, mstari hufika barabarani. Asipoandika yeye, watampoteza siku nzima. "Mimi ndimi kichwa chao," akasema. Kisha akaongeza neno lililonichoma: "Lakini mimi daftari nalilaza chini ya mto. Hawa vijana wa mashine, wao huiachia kompyuta ikumbuke. Na kompyuta haina mto."

Hapo ndipo nilipokumbuka alama ya vema.

Nikampigia kijana wa Migori; simu haikushikwa. Nikampigia fundi wetu wa ofisi. Akanyamaza kidogo, nikasikia vidole vyake juu ya vibonye, kisha akaniuliza swali ambalo sitalisahau: "Mzee, juzi usiku saa tatu ulikuwa unafanya kazi?"

Saa tatu usiku nilikuwa nimelala.

Kumbukumbu za seva zilisema kwamba mimi, kwa jina langu kamili, niliingia mara tatu usiku ule kutoka Migori, na mara mbili usiku uliofuata. Katika moja ya safari hizo, kabati langu la ghalani lilifunguliwa. Kama mtu alitazama tu majina ya majalada au alisoma yaliyomo, kumbukumbu hazikuweza kutwambia. Kwa mashine, kila aliyeingia alikuwa ni mimi. Fundi akabadilisha nywila papo hapo, nami nikiwa bado nimeshika simu.

Kesho yake kijana wa Migori alipiga, sauti imemkauka. Hakukana. Alisema aliona VPN iko tayari na Telegram imefungwa, akaitumia kwa ajili yake na wateja wengine wawili watatu ili wapate kuangalia mpira na sinema. Kabati hakulijua, na kama limefunguliwa basi ni mteja aliyebofya asilolijua. Huenda ni kweli, na mimi naelekea kumsadiki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta humtia hatiani mwenye kuingia mahali asiporuhusiwa, na adhabu yake hufika shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3. Lakini sikumshitaki, kwani mlango niliuacha wazi mimi, na ruhusa ya kuweka vema nilitoa kwa kinywa changu.

KINACHOTOKEA UNAPOWEKA VEMA

Nilimwomba fundi anieleze kwa lugha ya kibinadamu ni nini hasa hutokea mtu anapoiambia kompyuta ikumbuke. Alinieleza hivi, nami nakupa kama nilivyopokea.

Kompyuta haiandiki nywila yako waziwazi kama daftari la mwalimu. Huifunga katika sanduku ndani ya mashine, na ufunguo wa sanduku lile umefungamana na ile nywila ya kufungulia mashine yenyewe asubuhi. Kwa kompyuta yako ya nyumbani, ambayo huifungua wewe peke yako, hilo si jambo baya. Sanduku ni lako na ufunguo ni wako. Lakini kompyuta ya saiba hufunguliwa asubuhi na mwenye duka, kwa jina moja, na watu wote wa siku ile huketi katika jina hilo hilo. Kwa hiyo sanduku liko wazi kwao wote. Hawana haja ya kuijua nywila yako, maana ni kubofya tu na njia itafunguka. Na mwenye ujuzi kidogo anaweza kupata programu ndogo ya bure ambayo humsomea nywila yenyewe herufi kwa herufi. Tena wengi wetu nywila moja tumeitia kila mahali, benki, barua na kazini, kama mwenye nyumba aliyechonga ufunguo mmoja kwa milango yote, hata wa banda la kuku.

Usidhani haya ni ya watu wa saiba tu. Mwaka 2022 kampuni ya Cisco, ambayo yenyewe huwauzia wengine vyombo vya mitandao na VPN, iliingiliwa. Mfanyakazi wake mmoja alikuwa amehifadhi nywila za kazini katika kivinjari chake, na kivinjari kilikuwa kikizipeleka katika akaunti yake binafsi ya Google. Mwizi akaishika akaunti ile, akazikuta nywila zimepangwa kama nguo sandukuni. Kisha akamsumbua yule mfanyakazi kwa simu na ujumbe hata akakubali kubofya ruhusa ya pili, na VPN ikafunguka. Mwaka mmoja kabla yake, Mei 2021, bomba kubwa la mafuta la Marekani, Colonial Pipeline, lilisimamishwa kwa siku kadhaa. Wezi walikuwa wamepita katika akaunti moja ya zamani ya VPN, ambayo haikuwa na ufunguo wa pili juu ya nywila. Kampuni ililipa fidia ya bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya dola zaidi ya milioni 4 wakati ule, na watu wa majimbo ya mashariki wakapanga foleni za petroli.

Na hapa kwetu, kashfa ya fedha za Huduma ya Taifa kwa Vijana ilipofumuka mwaka 2015, ikatajwa shilingi milioni 791, moja ya hoja zilizopigiwa kelele ilikuwa ni nywila. Afisa alisema kwamba nywila yake ya mfumo wa malipo wa serikali imetumiwa na wengine kuidhinisha malipo asiyoyajua. Mashine ilisema ni yeye. Yeye akasema si yeye. Nilipoisoma habari ile wakati ule niliicheka. Sasa siicheki.

Kwa hakika maradhi haya ni ya zamani kama nywila zenyewe. Kompyuta ya mwanzo iliyotumia nywila kuwatenga watumiaji wake ilikuwa katika chuo cha MIT huko Marekani, miaka ya mwanzo ya 1960, chini ya Fernando Corbató. Kila mtafiti alipewa saa zake za kutumia mashine. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, akaona saa zake hazimtoshi. Alijua kwamba nywila za watu wote zimehifadhiwa ndani ya jalada moja. Akaiamuru mashine ilichapishe lile jalada, ikalichapisha, naye akapata saa za wenzake. Mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye. Basi nywila zilipohifadhiwa tu mahali pamoja, ziliibwa.

UBAO WA CHUONI

Neno hili "kuhifadhi" limenikalisha macho usiku mwingi. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili lina mabega mawili. Mtu huhifadhi mali yake, yaani huitunza isipotee. Na mwanafunzi wa chuoni huhifadhi sura, yaani huitia moyoni hata akaisoma bila ya kutazama. Aliyehifadhi msahafu wote twamwita hafidhi.

Chuoni kwetu bado tuliandika ubaoni kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Maalimu alikuandikia aya, ukazisoma na kuzirudia, ukichezacheza kiwiliwili mbele na nyuma, hata akaridhika kwamba umezishika. Hapo tu ndipo ulipopewa ruhusa ya kuosha ubao. Tena maji yale hayakumwagwa ovyo njiani pakanyagwapo. Yalimwagwa mahali safi. Ubao ulibaki mweupe, tayari kwa mwingine. Kilichokuwa chako umekwenda nacho kifuani.

Tazama basi jinsi ulimwengu ulivyogeuka. Mashine za leo zimelichukua neno hilo hilo, na katika kompyuta zilizotafsiriwa Kiswahili kibonye chaandikwa "Hifadhi". Lakini ukikibofya, ubaoni hubaki yote na kifuani hupungua yote. Mimi niliyelelewa kwa kuosha ubao, siku ile Migori niliondoka nikauacha na maandishi yake, nao haukuwa wangu.

Sisemi kwamba watu wote wahifadhi nywila zote vichwani. Hilo haliwezekani. Maalimu alitupa sura moja kwa wiki, na dunia ya leo yatutaka nywila thelathini kwa mwezi. Kosa langu lilikuwa ni kuhifadhi mahali pa watu.

KURUDI UFUONI

Sasa nifike pale palipo pagumu.

Nywila ilikuwa imebadilishwa na njia imefungwa. Mhariri alisema habari iishie hapo, kwani hakuna ushahidi kwamba majina yalisomwa, na kumwambia mtu ni kumtia hofu ya bure. Lakini nilijiuliza: kama ningalikuwa mimi niliyetoa siri yangu, na siri ile ingaliweza kunipigisha au kunifukuzisha ufuoni, je, ningetaka kuambiwa? Na migori na fuo za Homa Bay ni majirani. Wavuvi na wachuuzi hupita huku na huku, na jina moja hutembea haraka kuliko matatu. Nikaona sina haki ya kumchagulia mwenye siri kiasi cha hofu yake.

Nilimkuta mmoja wa wale akina mama akianua omena juu ya nyavu, jua linakuchwa. Mwenziwe alikuwa amekwenda sokoni. Nikamsalimu, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikamweleza. Nilimweleza kwa lugha nyepesi niliyoweza: kwamba maneno yake niliyaweka katika sanduku, na ufunguo nikauacha juu ya meza ya watu kwa usiku mbili, na sijui kama kuna aliyefungua akasoma.

Hakunitukana. Aliendelea kuokota vidagaa vilivyoanguka mchangani, kimoja kimoja. Kisha akasema, "Baba, mimi nilikupa wewe. Sikupa kompyuta."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Baadaye aliniuliza maswali ya maana kuliko ya mhariri. Je, jina la mtoto wake lilikuwamo? Halikuwamo. Jina la mvuvi? Lilikuwamo. Akafikiri. Akasema atamwambia mwenziwe, na kwa muda atanunua samaki ufuo mwingine kwa dada yake, mpaka aone upepo unavuma wapi. Akaniomba jambo moja: habari ile isitoke, hata bila majina, kwa sababu kama kuna aliyesoma, basi ikitoka atajua ni nani. Nikamkubalia. Ndiyo sababu, msomaji, ile habari ya jaboya niliyoitangaza kwamba inakuja, hukuiona katika gazeti hili wala hutaiona. Ilikuwa kazi ya siku nne, na huenda ingewasaidia akina mama wengine. Imekufa kwa alama moja ya vema.

Miezi michache baadaye alinitumia salamu kwamba amerudi ufuo wake na hajasikia neno. Nikashukuru. Lakini zile wiki alizonunua samaki mbali, nauli yake na hasara yake, hayo ni deni langu.

LA KUFANYA

Nisimwache msomaji na masikitiko matupu. Haya ndiyo niliyojifunza, na fundi wetu ameyapitia.

Kompyuta iliyo yako peke yako, yenye nywila yake ya kuifungua, unaweza kuihifadhia nywila zako. Bora zaidi utumie programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ile ambayo huzifunga zote chini ya nywila moja kuu. Hiyo ni salama kuliko kutumia nywila moja kila mahali. Kompyuta ya kukodi, ya hoteli, ya shule au ya rafiki, usiihifadhie kitu. Ikikuuliza kama ikumbuke, ijibu hapana. Na mtu mwingine akikuwekea vema, iondoe. Ukimaliza, usifunge dirisha tu. Toka kabisa, na kama uliiunda njia ya VPN katika mashine ile, ifute yote. Ikiwa umesahau, badilisha nywila usiku ule ule kwa simu yako, usingoje siku mbili kama mimi.

Weka ufunguo wa pili, ule wa tarakimu ziletwazo na simu au programu. Ofisi yetu haikuwa nao, sasa inao. Ungalikuwapo siku ile, vema ya Migori isingefungua kitu bila ya simu yangu kulia. Na mtu akikupigia akuombe zile tarakimu, au simu ikikuletea ruhusa usiyoiomba, kataa.

Nywila iwe ndefu. Tangu mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imewashauri watu wathamini urefu kuliko vitimbi vya alama na kubadilisha kila mwezi. Hapa sisi watu wa mashairi tuna bahati. Tunga mshororo wako ambao hujawahi kuusoma mbele ya watu, usio na jina la mwanao wala mwaka wa kuzaliwa, uutie moyoni. Shairi linalojulikana usilitumie, kwani wezi nao husoma.

Na wewe mwenye saiba, fungulia kila mteja ukurasa wake wa mgeni, ambao hujifuta anapoondoka. Lile daftari la mwalimu wa Homa Bay nalielewa, na sina ubavu wa kumlaumu, maana hulilalia kichwa. Lakini hata yeye nilimnong'oneza kwamba sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inamhusu, na kwamba siku daftari likiibwa, wazee wote wa mtaa wameibiwa. Akaniambia ameanza kuwafundisha vijana wao wawashikie wazee wao. Huo ni mwanzo mwema, kwani mjukuu ni mto bora kuliko daftari.

Niage kwa ubeti mmoja, niliouandika katika matatu ya kuelekea Kisumu, ufuo ukibaki nyuma:

Nilisoma utotoni, kwa wino na kwa ubao
Neno likenda moyoni, hufutwa lisiwe lao
Leo naacha mezani, siri kwa hao wajao
Mwenye siri ya mwandani, asiwape wapitao.